Skrini Juu ya Meza ya Fundi

Fundi alipopatwa na kiharusi, kitu cha kwanza alichokikataa kilikuwa kengele.

Ilikuwa kengele nzuri tu, ya shaba, yenye mpini wa mbao. Aliyeinunua ni mwanawe mkubwa, yule ambaye mtaa mzima unamwita Meneja ingawa hajawahi kusimamia chochote zaidi ya duka la vipuri vya magari na timu moja ya mpira iliyoshuka daraja mikononi mwake. Meneja aliiweka kengele karibu na mkono wa kushoto wa baba yake, ule uliobaki na nguvu, akamweleza kwamba akitaka maji, akitaka kugeuzwa, akitaka lolote lile, aitikise. Fundi aliitazama kengele, akamtazama mwanawe, kisha akaisukuma kwa kidole kimoja mpaka ikaanguka sakafuni. Maisha yake yote amewashonea watu suti za kuolea na za kuzikia wenzao. Hakuwa tayari kuanza kujitangaza kama muuza aiskrimu.

Badala ya kengele, aliinua mkono. Maneno yake yalikuwa hayatoki tena, na yakitoka hayaeleweki, lakini mkono ulieleweka. Ukiwa juu, njoo. Ukiwa chini, basi, endelea na shughuli zako. Binti yake, kitinda mimba wa nyumba hiyo, ambaye Fundi mwenyewe alimpa jina la Sindano kwa wembamba wake, aliukubali mpango huo siku ileile. Ila mpango wa namna hiyo una sharti moja: lazima awepo mtu wa kuuona huo mkono.

Kazi ya Sindano ilikuwa kuchora ramani za mabomba ya maji. Kampuni iliyomwajiri ilimruhusu afanyie kazi nyumbani tangu baba yake augue, naye akaweka laptopu yake juu ya meza ya kukatia nguo, mle mle kwenye chumba cha mbele ambacho zamani kilikuwa karakana ya Fundi na sasa kilikuwa karakana, ofisi na wodi kwa mpigo. Meza hiyo haisogei. Enzi hizo watoto wake wakiwa wadogo waliigonga wakikimbizana, mkasi ukateleza, koti la mteja mkubwa likaharibika; kesho yake Fundi aliizika miguu ya meza kwenye saruji. Kushoto imegusana na ukuta. Kulia pamefungwa kichwa cha cherehani kwa bolti. Ng'ambo yake ndiko kilikowekwa kitanda, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kukiweka. Kwa hiyo Sindano akiketi kwenye kigoda kirefu cha baba yake, macho yanapita kati ya laptopu na cherehani, yanafika moja kwa moja kwenye mto na kwenye ule mkono.

Laptopu yenyewe ilikuwa ndogo, haikuzuia kitu. Ubaya wake nao ulikuwa huohuo, kwamba ilikuwa ndogo.

Ramani ya mabomba si picha ya kutundika sebuleni. Ni vurugu ya mistari myembamba: bomba la zamani, bomba jipya, waya wa umeme, mpaka wa kiwanja cha mtu asiyetaka utani. Kwenye skrini ile, Sindano akitaka kuiona mistari vizuri ilibidi aikuze ramani, na akiikuza anaupoteza mtaa. Akiirudisha auone mtaa, mistari miwili inagandana inakuwa mmoja. Alikaa hivyo miezi, anakuza na kupunguza, anakuza na kupunguza, shingo mbele kama anachungulia kisima, mpaka siku alipoiweka koki upande usio wake wa barabara. Vibarua walichimba walipoonyeshwa. Hawakukuta koki. Walivunja baraza jipya la vigae la mama mmoja aliyekuwa ametoka kidogo kwenda sokoni, na mama huyo aliporudi alitoa maneno ambayo mkuu wa kitengo alikataa kuyarudia kwenye simu.

Mkuu wa kitengo hakuwa mtu mbaya. Alimwambia Sindano waziwazi kwamba kosa lile analihesabu kuwa la macho, si la akili. Lakini alimpa mpaka mwisho wa mwezi: ama atafute skrini ya maana ya kuchorea ramani, ama arudi ofisini ambako skrini zipo. Na ramani inayofuata ikirudi na kosa, kibarua kitaota nyasi.

Kurudi ofisini kulikuwa na maana moja tu, na hapo ndipo Meneja alipoingia. Kule kwake, mji mwingine kabisa, alikuwa ameshapaka rangi chumba cha kumweka baba. Alikuwa na nia safi, tusimwonee. Mkewe anashinda nyumbani, hospitali iko karibu, nyumba haikosi watu. Lakini kila alipolitaja jambo hilo Fundi aligeuza uso ukutani. Meneja alichukulia kwamba mzee amechoka. Sindano alijua kwamba hajachoka, anakataa. Ila mtu asiyeweza kusema ni rahisi sana kumsemea.

Walibishana mara nyingi, na mara nyingi Sindano alishinda, kwa sababu ana ulimi. Mara moja tu alishindwa. Meneja alikuwa amesimama mlangoni anatafuta funguo za gari, akasema bila hasira:

"Mdogo wangu, baba anahitaji mtu wa kumtazama yeye. Wewe unaitazama kompyuta, halafu ukikumbuka unamtazama baba."

Maneno hayo yalimkata maini, kwa kuwa yalikuwa na ukweli ndani yake.

Habari kwamba Sindano anatafuta skrini zikasambaa kwenye ukoo, na koo zetu sisi watu, ukiwa na shida ya kiti utaletewa ushauri wa kujenga ghorofa. Shangazi alipiga simu akasema waweke kioo cha kujitazamia ukutani, Sindano afanye kazi huku amegeuka. Wakajaribu. Alichokiona kwenye kioo ni dari na uso wake mwenyewe ulionuna. Wifi yake akashauri kamera ya simu ielekezwe kitandani, picha ya mzee itokee kwenye pembe ya kompyuta. Fundi alipoiona kamera alijifunika shuka mpaka utosini, akabaki hivyo mpaka ilipoondolewa. Meneja yeye hakuwa na maelezo marefu. Alisema ukinunua kitu nunua kitu kweli, achukue inchi thelathini na mbili, yeye ataongezea hela, jambo liishe.

Sindano akaamua kufanya kama alivyolelewa. Fundi, kwa wateja wake wa heshima, hakuwa anakata kitambaa kwa kuamini namba peke yake. Alikuwa kwanza anakata koti zima kwenye magazeti ya zamani, analibana kwa pini, anamvalisha mtu, halafu anamwambia akae, ainuke, anyooshe mkono kama anafungua mlango. Gazeti likichanika, hapo ndipo panapobana. Sindano alikua akiwaona watu wazima wenye vyeo vyao wakizunguka karakana wamevaa magazeti, na hakuwahi kuona ajabu. Basi akaenda duka la jirani akaomba boksi la friji, akaliburuta mpaka nyumbani, akashika mkasi.

Skrini zinauzwa kwa inchi, hilo alilijua. Vitambaa pia vinauzwa kwa inchi. Cha sitini ni sitini kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na mtoto wa fundi cherehani ukimuuliza kama inchi zinaweza kuwa na maana nyingine atakuonea huruma. Akatandika futi, akakata umbo la kwanza upana wa thelathini na mbili, la pili ishirini na saba, la tatu ishirini na nne. Kimo alikikisia kwa kukumbuka televisheni ya kaka yake. Hapo alikuwa ameshakosea, tena kosa ambalo ni watu wa nyumba ile tu wangeweza kulikosea kwa kujiamini namna ile, lakini tumwache kwanza aendelee.

Umbo la kwanza halikuingia hata kidogo, liligonga cherehani. La pili liliingia. Alilisimamisha kwa matofali mawili, akaweka laptopu mbele yake, akabandika ramani iliyochapishwa kwenye lile boksi ili azoee kutazama mbali, akaanza kazi. Ilikuwa asubuhi, mtaa umetulia, na kazi ilikuwa tamu. Alizama. Kuna muda aliinama pembeni kuokota penseli iliyoanguka, na alipoinua macho akauona mkono wa baba yake uko juu.

Ulikuwa unatetemeka. Hakuna ajuaye ulikuwa juu tangu saa ngapi.

Sindano aliruka kutoka kwenye kigoda. Akauliza maji, mzee akatikisa kichwa. Akauliza kugeuzwa, akatikisa. Choo, hapana. Maumivu, hapana. Fundi alimwangalia tu usoni kwa muda mrefu, akaushusha mkono polepole, akafumba macho. Sindano alisimama pale na aibu aliyowahi kuisikia mara chache maishani. Alirudi mezani, akaling'oa boksi lile, akalikunja kwa goti, akalitupa nje. Hakumweleza mtu yeyote.

La tatu lilikaa vizuri. Kati ya ukingo wake na cherehani palibaki uwazi wa kiganja na ushee, na katika uwazi huo mto wote ulionekana, na mkono, na hata glasi ya maji. Aliishi na boksi hilo kwa siku kadhaa, analipangusa vumbi kama mali halisi. Basi, shauri likakatwa: inchi ishirini na nne, asizidishe hata nukta. Lakini hakuwa na furaha. Ofisini wanatumia ishirini na saba, na mkuu wa kitengo alishasema kwamba chini ya hapo ramani zile zitaendelea kumtesa. Alikuwa amechagua kuuona mkono wa baba yake, na alijua kwamba huenda kwa kuchagua hivyo amekipoteza kibarua, na kibarua kikipotea itabidi atafute kingine mjini, na mzee atakwenda kwenye kile chumba kilichopakwa rangi. Kila njia aliyoifikiria iliishia hapohapo.

Jumamosi Meneja alikuja na gari kumpeleka dukani, jirani mmoja akabaki na mzee. Duka lilikuwa refu na jembamba, skrini zimepangwa ukutani zote zinaonyesha samaki walewale wa rangi. Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imekaa kwenye nywele, kiganja kimejaa karanga. Alimuuliza Sindano anafanya kazi gani, meza yake ina kina kiasi gani, na anakaa mbali kiasi gani na skrini. Sindano hakutaka maneno mengi. Alisema anataka ya ishirini na nne.

Akaonyeshwa. Akaitazama. Akaitazama tena. Mbona ndogo?

Mtoto wa fundi hatembei bila futi. Aliitoa kwenye mkoba, akaitandika kwenye upana wa skrini, akapata ishirini na moja, tena haikutimia. Akakunja futi taratibu, akasema kwa sauti ya chini kwamba nyumbani kwao muuza kitambaa akimpunja mteja inchi tatu haendi tena sokoni kichwa juu. Meneja naye alishavimba mabega. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwezi mzima ndugu hao wawili kuwa upande mmoja, na ni haki kusema kwamba walikuwa wanapendeza.

Muuzaji alimalizia karanga zake. Akaomba futi, akaiweka kona ya juu ya skrini, akaivuta mpaka kona ya chini ya upande wa pili. Ishirini na nne barabara.

"Dada, hizi hazipimwi kama kitambaa," alisema. "Zinapimwa mshazari, kona kwa kona. Hujaibiwa."

Meneja alicheka mpaka akashika ukuta. Sindano hakucheka. Alikuwa ameshaifikia skrini ya ishirini na saba na futi mkononi. Akapima upana. Ishirini na tatu na nusu. Akapima tena akianzia upande mwingine, labda skrini itabadili mawazo. Ishirini na tatu na nusu. Lile boksi aliloishi nalo, lililokaa vizuri, lililomwachia mto na mkono na glasi, lilikuwa na upana wa ishirini na nne. Skrini aliyokuwa ameikatia tamaa ilikuwa nyembamba kuliko boksi lake.

"Inaingia," alisema. Hakuwa anamwambia mtu. Machozi yalimlenga palepale mbele ya samaki wa rangi, na hakujisumbua kuyaficha.

Meneja, ambaye akili yake haikawii kwenye mambo ya vipimo, akasema kama mambo ndiyo hayo basi hata thelathini na mbili si kubwa kama walivyodhani. Sindano akaipima pia. Inakaribia ishirini na nane. Boksi la ishirini na saba tu, dogo kuliko hiyo, lilimficha baba, alisema, na alipoona kaka yake hajaelewa ikabidi amsimulie yale ya siku ile: boksi, penseli, mkono unaotetemeka. Alisimulia kwa maneno machache, macho chini. Alitarajia kusutwa. Meneja aliirudisha karatasi ya bei aliyokuwa ameishika, akasema tu, "Haya, hiyo tuiache."

Ila kazi haikuwa imekwisha. Ishirini na saba zilikuwepo za aina tatu, na ya kwanza bei yake ilimfanya Meneja atabasamu. Muuzaji hakubisha. Sindano alikuwa amekuja na ramani yake kwenye flashi; muuzaji akaiomba, akaifungua kwenye ya kwanza na ya pili, zikiwa zimekaa bega kwa bega. Kisha akamwambia asimame umbali uleule anaokaa nyumbani. Sindano alipima kwa mkono wake, akaongeza kidogo, kwa kuwa meza ya kukatia ina kina kuliko meza za watu wengine.

Kwenye ya kwanza mistari ilikuwa na meno kama msumeno. Bomba la zamani na bomba jipya zilipokaribiana zilishikana, na namba za viwanja zilikuwa na ukungu. Kwenye ya pili kila mstari ulikwenda zake. Muuzaji akaanza kueleza kwamba ukubwa ni jambo moja na wingi wa nukta ni jambo jingine. Kwamba ile ya bei rahisi ina nukta zilezile za ile ndogo ya ishirini na nne, zimetandazwa tu kwenye eneo kubwa, wakati hii ina nukta elfu mbili mia tano na kitu kwa upana wake. Sindano alimwelewa kabla hajafika mwisho. Nyuzi ni zilezile, nguo imekuwa kubwa. Ukiiinua kwenye mwanga unaona chandarua.

Macho ya Meneja yalikuwa yameshahamia kwenye ya tatu. Kama nukta ndiyo siri, si wachukue yenye nyingi kabisa? Muuzaji angeweza kuuza pale akafunga hesabu ya siku. Alisema ni nzuri, hana baya la kuisemea, lakini kwa umbali ule herufi zitakuwa kama sisimizi, itabidi azikuze tena, halafu laptopu yenyewe ni ya zamani, itahema. Kwa meza hiyo na kazi hiyo, ya katikati inatosha. Meneja alinung'unika kidogo kwa heshima ya jina lake, kisha akaibeba ya katikati mpaka kwenye gari kama mtoto mchanga.

Jioni ile aliifunga mwenyewe, maana mtu wa vipuri hamwachii mwingine bisibisi. Walipandisha shingo ya skrini mpaka ukingo wake wa juu ukalingana na macho ya Sindano akiwa kwenye kigoda. Uwazi ulibaki, tena mpana kuliko ule wa boksi. Fundi alifuatilia kila kitu kutoka kitandani bila kupepesa. Meneja aliaga akasema skrini ni nzuri, lakini wasidanganyane, skrini haimlishi mgonjwa. Mwisho wa mwezi angerudi, na safari hiyo wangelimaliza suala la baba.

Siku zilizofuata zilimshangaza Sindano mwenyewe. Mtaa wote ulikuwa mbele yake, na ndani ya mtaa kila bomba, kila koki, bila kukuza wala kupunguza. Shingo ilirudi mahali pake. Saa nyingine alijikuta anaimba. Mkono ukiinuka aliuona hapohapo, akaenda, akarudi, akakuta mstari wake unamsubiri pale alipouachia. Ramani aliyoituma mkuu wa kitengo aliipitia kwa jicho la mtu aliyeumwa na nyoka, akaipitisha, akamtumia ya kata nyingine. Habari ya kurudi ofisini hakuitaja tena.

Sindano alidhani hiyo itatosha. Meneja alipofika mwisho wa mwezi alikuja na gari lenye viti vya nyuma vilivyolazwa, godoro limetandikwa ndani, na Sindano aliliona godoro hilo kabla ya kumsalimia. Alimpa habari za ramani. Meneja alimpongeza kwa dhati, akamkumbatia, halafu akasema ramani ni habari ya kampuni. Yeye habari yake ni baba. Anataka kukaa kwenye kigoda mwenyewe, aone kama ni kweli mtu akiwa kazini pale anamwona mzee.

Sindano akampisha. Alikwenda jikoni kuchemsha chai, sukari nusu ikaenda mezani.

Meneja aliketi mbele ya ramani. Alikiri moyoni kwamba baba anaonekana vizuri sana, mto, shuka, uso. Hakuwa hata ametulia, mkono ukainuka. Akaenda haraka. Maji? Fundi akatikisa kichwa. Kugeuzwa? Akatikisa. Meneja alimrekebishia mto hata hivyo, akarudi kwenye kigoda. Mkono ulikuwa bado uko juu. Akaenda tena, akauliza yote aliyoyajua, akapata hapana kwa yote, akaanza kufikiri kwamba mzee anamtania au anazidiwa.

Sindano akaingia na vikombe. Meneja akampisha, na yeye, kwa mazoea tu, akakaa kwenye kigoda chake ili aweke kikombe asije akaimwagia chai laptopu. Mkono wa Fundi ukashuka.

Meneja aliuona ukishuka. Alisimama katikati ya chumba na chai yake, amekunja uso.

"Hebu inuka," alimwambia dada yake. "Simama kule ukutani."

Sindano akainuka bila kuelewa. Mkono ukapanda, polepole. Meneja akamwambia akae. Ukashuka. Akamwinua tena kwa mara ya tatu, labda akitumaini kwamba amekosea, na mkono ukapanda tena. Fundi hakuona haya yoyote. Alikuwa anatazama kwenye ule uwazi kati ya skrini na cherehani, akimpita mwanawe kana kwamba ni nguzo, anamsubiri binti yake arudi mahali pake.

Sindano hakuwahi kulijua hilo, na angelijuaje? Kila alipokuwa hayupo kwenye kigoda, hakuwepo wa kuuona mkono akaelewa unamwita nani. Na ile asubuhi ya boksi mzee hakuwa anataka maji wala kugeuzwa. Alikuwa amempoteza. Alikaa pale ng'ambo ya boksi, bila sauti, anamtafuta mtoto wake kwa njia pekee iliyombakia, na mtoto alipotokea akamwangalia mpaka akatosheka.

Sindano aliketi, akauziba mdomo kwa kiganja. Meneja aliweka kikombe chini.

"Sisi tumekuwa tunagombana nani amchunge," alisema, na sauti yake haikuwa ya Meneja tena. "Kumbe mwenzetu ana zamu."

Alikwenda kitandani, akaushika ule mkono wa kushoto, akakaa nao kidogo. Kisha akatoka mpaka mlangoni, akampigia simu mkewe. Sindano, ambaye alikuwa anajifanya anatafuta koki kwenye ramani na haoni hata barabara, alimsikia akisema kile chumba wapewe watoto, ndiyo, leo hii, wahamishie vitanda vyao. Upande wa pili bila shaka waliuliza kulikoni, kwani Meneja aligeuka akaitazama karakana.

"Hawezi kuja," alisema. "Baba yuko kazini."